Chuo Hulindwa kwa Nini? Ibara Kutokana na Khabari za Wakristo wa Kiinjili na Skuli Zao

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetuneemesha kwa dini na elimu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baadu. Ndugu zetu Waislamu wa pwani, tumezoea kuzungumza khabari za Manasara kwa njia mbili. Wako wanaowalaumu, wakasema: hawa wametuharibia watoto kwa skuli zao. Na wako wanaowastaajabia, wakasema: tazama majumba yao na vitabu vyao, na sisi tuna nini? Lakini ukiwauliza watu hawa wote skuli hizo zilijengwa vipi, na zilizosimama zilisimama kwa lipi, na zilizoanguka zilianguka kwa sababu gani, hawana jawabu. Basi katika waraka huu tumekusudia kueleza mambo yaliyolipata kundi moja la Manasara juu ya vyuo vyao, ili tupate ibara. Hatukukusudia kutukana, kwani matusi si hoja. Na Kurani imetuamrisha kujadiliana na watu wa Kitabu kwa njia iliyo bora, na imetukataza chuki yetu juu ya watu isitutoe katika uadilifu.

NI WATU GANI HAWA

Manasara ni makundi mengi, na asiyeyapambanua huwadhulumu na kujidhulumu. Katika Waprotestanti, yaani waliojitenga na Papa wa Roma, limo kundi liitwalo Wakristo wa Kiinjili. Hawa si kanisa moja lenye mkubwa mmoja. Wamo katika Wabaptisti, na Wapresbiteri, na Wamethodisti, na baadhi ya Waanglikana, na wengineo. Kinachowakusanya ni mambo manne: kwamba Biblia ndiyo hakimu juu ya kanisa na kasisi, kwamba wokovu wao umo katika msalaba, kwamba mtu haurithi Ukristo kwa baba yake, bali ni lazima ageuke mwenyewe, nao huita jambo hilo kuzaliwa mara ya pili, na kwamba ni wajibu wa killa mmoja wao kuwatangazia wengine.

Watu wa pwani walikutana nao zamani. Johann Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Johannes Rebmann aliyemfuata mwaka 1846 wakakaa Rabai, walitumwa na Church Missionary Society, chama kilichoundwa London mwaka 1799 na Waanglikana wa kundi hili. Chama hicho ndicho kilichofanya mji wa Freretown mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Ama misheni iliyojenga kanisa la Mkunazini huko Unguja, hiyo ni ya Waanglikana wa namna nyingine, ambao ibada yao iko karibu na ya Waroma. Tusiwachanganye.

Sasa fahamu nukta moja, kwani maneno yote yajayo yamejengwa juu yake. Watu hawa hawana Papa wa kuwakatia shauri wanapohitilafiana. Kwa hiyo ngome yao ni skuli. Mwenye kuishika skuli wanakosomeshwa makasisi leo, ndiye atakayelishika kanisa baada ya miaka thelathini. Hii ndiyo sababu ugomvi wao mkubwa, tangu zamani hatta leo, huwa juu ya vyuo.

KISA CHA ANDOVER

Katika nchi ya Marekani, jimbo la Massachusetts, Wazungu waliohamia huko kwa ajili ya dini yao waliasisi chuo mwaka 1636, na muradi wao mkubwa ulikuwa wasikose makasisi wenye elimu. Chuo hicho ni Harvard. Miaka ikapita, wenye kukiongoza wakabadilika kidogo kidogo, na mwaka 1805 kiti kikubwa cha kusomesha dini akapewa Henry Ware, naye ni katika Wayunitari, watu wanaokanusha utatu na kusema Mungu ni mmoja tu.

Huenda Muislamu akisikia hayo akafurahi, kwani kukanusha utatu ni jambo tulikubalilo. Walakini hapa hatutazami nani aliyekuwa karibu na haki katika itikadi. Tunatazama namna chuo kinavyotoka mikononi mwa waliokijenga, kwani namna hiyo ni moja kwa chuo cha haki na chuo cha batili.

Wale walioshika itikadi ya zamani walihuzunika, kisha wakafanya kazi. Mwaka 1807 waliasisi chuo kipya katika mji wa Andover, na mwaka uliofuata kikaanza kusomesha. Wakasema: Harvard imetuponyoka kwa kuwa haikufungwa barabara, hiki tutakifunga. Wakaandika itikadi yao kwa urefu, wakasharutisha killa mwalimu aikiri na kuitia sahihi, kisha airudie kuikiri killa baada ya miaka mitano. Juu ya baraza la wasimamizi wakaweka baraza jingine la waangalizi, kazi yao ni kuwatazama wasimamizi wasivunje sharti.

Chuo hicho kilizaa sana. Wanafunzi wake ndio waliochochea mwaka 1810 kuundwa kwa chama kikubwa cha Marekani cha kupeleka misheni nchi za mbali. Mwaka 1819 chama hicho kiliwatuma Pliny Fisk na Levi Parsons, wote wawili wamesoma Andover, waende nchi za Sham. Na Daniel Bliss, naye ni wa Andover, alifungua Beirut mwaka 1866 chuo cha Kiprotestanti cha Sham. Watoto wa Kiislamu waliingia humo kutafuta elimu ya utabibu na nyinginezo, wakalazimishwa kuhudhuria ibada kanisani. Mwaka 1909 wakakataa, wao pamoja na Mayahudi, na ikawa fitina kubwa. Ajabu ni kwamba mwaka 1920 chuo hicho kiligeuzwa jina kikaitwa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, na leo si chuo cha kubashiri Ukristo tena. Mti ulipandwa kwa niya moja, ukazaa tunda jingine.

Na Andover yenyewe? Walipokuja waalimu wa kizazi cha tatu, waliikiri itikadi ile kwa ulimi, lakini waliifasiri kwa maana nyingine. Mwaka 1886 baadhi yao wakashitakiwa mbele ya waangalizi, na mwaka 1887 waangalizi wakahukumu mmoja wao, Egbert Smyth, aondolewe. Kesi ikapelekwa mahakamani, ikachukua miaka, naye akabaki mahali pake. Mwaka 1908 chuo kizima kikahamishwa, kikapelekwa wapi? Kikapelekwa Cambridge, ubavuni mwa Harvard, pale pale walipokimbia wazee wao. Mwaka 1922 wasimamizi wakafanya mapatano ya kuungana nayo. Mwaka 1925 mahkama kuu ya jimbo ikayavunja mapatano hayo, ikasema: mali hii imetolewa kwa sharti, na sharti haliruhusu. Hivyo maandishi ya wafu yalizuia mkono wa walio hai. Lakini yalizuia mali tu, hayakuurudisha moyo. Mwaka 1931 chuo kikahamia Newton kukaa pamoja na chuo cha Wabaptisti, na mwaka 2017 kikaenda kukaa Yale.

PRINCETON, NA WALIOTOKA

Kisa cha pili ni kifupi. Wapresbiteri walikuwa na chuo cha makasisi huko Princeton tangu mwaka 1812, nacho kilikuwa nguzo ya wenye kushika itikadi ya zamani. Kilikuwa na mabaraza mawili, moja la mali na moja la mafunzo. Mwaka 1929 mabaraza hayo yakavunjwa, likafanywa moja, na walioshika ya zamani wakawa wachache ndani yake. Zingatia: hawakubadilisha itikadi kwanza, walibadilisha baraza. Mwalimu mmoja, J. Gresham Machen, aliona mwisho wa jambo kabla haujafika. Akatoka pamoja na wenzake wachache, wakaacha majumba na mishahara, na mwaka huo huo wakafungua chuo Philadelphia, wakakiita Westminster.

Wengi katika Wakristo wa Kiinjili walifanya kama yeye. Chicago kilikuwako tangu mwaka 1886 chuo cha Dwight L. Moody cha kufundisha Biblia kwa watu wa kawaida. California kikafunguliwa mwaka 1947 chuo cha Fuller. Na mahkama kuu ya Marekani ilipohukumu mwaka 1962 na 1963 kwamba skuli za serikali zisiwasimamie watoto kusali wala kuwasomea Biblia kwa ibada, wengi walisikitika, na katika miaka iliyofuata wakazidi kufungua skuli zao wenyewe, au kuwasomesha watoto majumbani.

UPANDE WA PILI WA MIZANI

Msomaji asidhani kwamba killa aliyetoka akajenga chake alifanya vyema. Katika vyuo vyao kimo kiitwacho Bob Jones, kilichoasisiwa mwaka 1927. Chuo hicho hakikumpokea mtu mweusi hatta mwaka 1971. Na baada ya kuwapokea, kilikataza mweupe na mweusi kuchumbiana, na wakadai kwamba Biblia ndiyo isemayo hivyo. Serikali ikawaondolea msamaha wa kodi, wakashitaki, na mwaka 1983 mahkama kuu ikawahukumu, mahakimu wanane kwa mmoja. Katazo hilo hawakuliondoa illa mwaka 2000, na mwaka 2008 wakaomba radhi, wakakiri kuwa waliacha ada za nchi yao ziwatawale badala ya dini yao. Hawa walilinda chuo, lakini walilinda ada, wakaivika nguo ya dini.

Na katika chuo cha Wheaton, jimbo la Illinois, kilichoasisiwa mwaka 1860, waalimu huthibitisha itikadi ya chuo killa mwaka. Mwezi wa Desemba 2015, Waislamu wa Marekani walipokuwa katika khofu, mwalimu mmoja mwanamke, Larycia Hawkins, alivaa mtandio kama wanawake wetu ili kuonyesha kuwa yu pamoja nao, akaandika kwamba Wakristo na Waislamu wanamuabudu Mungu mmoja. Chuo kikamsimamisha kazi. Wako waalimu wenzake waliomtetea, lakini mwezi wa Februari 2016 yeye na chuo wakaachana. Hapa sharti la itikadi lilikuwa upanga, na upanga haujui nani wa kumkata. Hujua mkono unaoushika.

SUALI NA JAWABU

Suali: Je, yafaa Muislamu kuchukua mafunzo katika mambo ya watu wasiokuwa wa dini yake?

Jawabu: Yafaa katika yale yasiyokuwa ya itikadi na ibada. Imepokewa kwamba mateka wa Badr, wale waliojua kuandika, fidia yao ilikuwa kuwafundisha watoto wa Madina. Na Imamu Ghazali katika Ihya ameuhesabu utabibu na hisabu katika fardhi za kifaya, akawalaumu watu wa mji usiokuwa na tabibu illa asiyekuwa Muislamu, na hali wanavyuoni wamejazana katika mabishano. Basi kama kujifunza dawa kwao hufaa, kujifunza sababu za kusimama na kuanguka kwa skuli zao hufaa zaidi, kwani hiyo ni dawa ya maradhi tuliyonayo.

FAIDA NNE

Faida ya kwanza: niya ya mwenye kuasisi haitoshi. Ni lazima sharti liandikwe. Na sisi katika madhehebu ya Imamu Shafi'i tunayo haya kwa ukamilifu kabla ya Andover kuwako: mali ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi, na sharti la mwenye kuwakifu hufuatwa. Imamu Nawawi katika Minhaj ametaja hatta madrasa iliyowekewa sharti ya kuwa ya kundi fulani, kama Mashafi'i, kwamba huwa yao. Lakini wangapi katika sisi wameandika?

Faida ya pili: sharti bila ya msimamizi mwema ni karatasi. Wanavyuoni wetu wamesharutisha kwa msimamizi wa wakfu mambo mawili: uadilifu, na uwezo wa kazi yenyewe. Sisi huchagua kwa ukoo, au kwa mali, au kwa kilemba kikubwa. Mwadilifu asiyejua hisabu hupoteza wakfu kwa ujinga, na mwenye kujua hisabu asiyekuwa mwadilifu huupoteza kwa ujuzi.

Faida ya tatu: chuo hulindwa na waalimu watakaokuja. Andover ilikuwa na sharti na waangalizi, kisha ikaondoka, kwa kuwa waliokuja nyuma hawakuwa na moyo wa waliotangulia. Asiyesomesha mwalimu wa kesho amejenga nyumba ya mtu mwingine.

Faida ya nne: usiilinde ada ukadhani wailinda dini. Nasi tujitazame kabla ya kuwacheka wa Bob Jones. Je, hapakuwa katika pwani hii mtoto aliyekaa nyuma darasani kwa kuwa babake alikuwa mtumwa? Freretown ilipojengwa, waliosomeshwa humo walikuwa watu waliotolewa utumwani, na katika vyombo vilivyowachukua na masoko yaliyowauza ilimo mikono ya Waislamu. Misheni iliwapa herufi na ufundi pamoja na Ukristo wake. Tukisema kuwa wametuchukulia watu, tuseme na haki pia: watu wale sisi tuliwapa nini?

TURUDI NYUMBANI

Wazee wetu walikataa kuwapeleka watoto katika skuli za misheni. Mimi siwalaumu. Waliona kwamba mtoto haingii kwa kasisi akatoka na herufi peke yake; na waliyoyakataa wanafunzi wa Beirut yalikuwa hayo hayo. Lakini kukataa ni nusu ya kazi. Machen alipotoka Princeton, mwaka ule ule alifungua mlango mwingine. Sisi tulifunga mlango, tukakaa barazani. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, alitunasihi juu ya jambo hili tangu siku za Sahifa yake mwaka 1930. Tulimsifu, na wachache tulimtii.

Naam, kikajengwa Mombasa chuo cha ufundi cha Waislamu, kwa michango mikubwa ya Sultani wa Zanzibar, na Aga Khan, na Mabohora, na serikali ya Kiingereza, na mwaka 1951 kikaanza kusomesha. Mwaka 1966 jina la Uislamu likaondolewa, mwaka 1972 kikawa politekniki, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Leo kinasomesha watu wa dini zote, na hiyo ni kheri kwa nchi, wala hatusemi afukuzwe mtu. Suali letu ni jingine: kilipobadilika, waalimu wa Kiislamu wa ufundi tuliokuwa tumewatayarisha kwa miaka kumi na tano walikuwa wangapi? Chuo hakinyang'anywi mahali palipojaa wenyewe.

Wala tusitafute mifano ya mbali. Nimekaa juu ya jamvi la chuo nikisomesha watoto zaidi ya miaka thelathini. Namjua mtu mwema aliyetoa nyumba mbili, kodi yake iwalipe waalimu. Alitamka mbele ya watu msikitini, hakuandika. Tulimwombea dua, na hapana mmoja wetu aliyemletea kalamu, na mimi nilikuwamo. Alipokufa, na mashahidi wakafa, warithi walisema hawajui neno hilo. Sikuweza kuwaita waongo, kwani walikuwa watoto siku ile. Nyumba zikauzwa, na mwalimu aliyekuwa akilipwa kwazo akaenda kuuza duka la mtu. Hapana kasisi aliyetuvunjia madrasa ile. Ilivunjwa na kalamu isiyoletwa, na kwa hilo namwomba Mungu msamaha.

Basi ndugu yangu usomaye, mambo haya yako mkononi mwako. Ukiwa na cha kuwakifu, kiandike kwa kadhi na kwa sheria ya nchi, na utaje msimamizi na atakayemfuata. Ukiwa msimamizi, weka daftari, uwasomee watu hisabu killa mwaka kabla hawajakuuliza. Ukiwa mzazi, mpeleke mwanao chuoni asome dini, na umpeleke skuli asome elimu, na umuulize jioni alilolipata kwote kuwili. Na ukiwa mwalimu, mtazame katika wanafunzi wako yule aliye hodari na maskini, umsomeshe awe mahali pako, wala usiulize babu yake ni nani.

Wale walioeleza itikadi yao kwa maandishi na kuirudia killa miaka mitano walipoteza chuo chao, na hali walikuwa macho. Itakuwaje kwa aliyelala?

Mwenyezi Mungu atupe tawfiki, na azihifadhi madrasa zetu, na awarehemu waliozijenga. Amin. Wallahu aalam.